Aliyeshtakiwa Kufunga Mvua

Kwa miaka kumi na minne nimepima mvua inayoanguka katika uwanja wa nyumba yangu, Dilala, mjini Kolwezi, kusini mwa Kongo. Hakuna aliyenituma. Kiwandani, ambako shaba husafishwa, nilikuwa fundi wa vipimo: kazi yangu ilikuwa kusoma mishale ya joto na ya mgandamizo, kuiandika, na kuifungua mashine ya kipimo kila ilipoanza kusema mambo ya ajabu. Mtu akishazoea kuandika namba kila siku, siku isiyo na namba humwia kama siku isiyo na chakula.

Chombo changu kilikuwa kopo la maziwa ya unga, nililolifunga kwa waya juu ya nguzo inayofika kiunoni. Saa kumi na mbili asubuhi nilitumbukiza rula ya shule, nikasoma milimita, nikamwaga maji, nikaandika. Katika safu ya pili niliandika joto la saa nane mchana. Katika safu ya tatu niliandika upepo ulikotoka, na mwanzoni mwa kila msimu nilipigia mstari tarehe ya mvua ya kwanza. Mtaani waliniita Tata Mvula, yaani Baba Mvua. Walikuwa wananitania, lakini mtu akitaka kupanda mahindi alipitia kwanza kwangu.

Shule yangu iliishia katikati ya sekondari. Mengine niliyapata katika vitabu vya jiografia vya Kifaransa vinavyouzwa juu ya turubai sokoni, vingi vikiwa vimepoteza kurasa za mwisho, na baadaye katika simu. Nilisoma polepole, nikirudia. Ndivyo nilivyoanza kuuliza swali ambalo daftari langu peke yake lisingeweza kulijibu: safu ya joto inapanda kwa sababu gani?

Mwaka ninaousimulia, mvua ilichelewa vibaya. Mwishoni mwa Septemba ilinyesha manyunyu ya jioni moja, watu wakashangilia, wakapanda. Kisha ikakatika. Oktoba yote ilipita mbingu ikiwa nyeupe kwa vumbi la malori. Jirani yangu, mama anayeuza makayabo, samaki wa chumvi, ya kukaanga mbele ya nyumba yake, alikuwa na shamba la mahindi ng'ambo ya kijito. Mbegu zake za kwanza zilichipua na kukauka. Akanunua nyingine, akapanda tena kwa matumaini, nazo zikafia ardhini kabla ya kuchipua.

Karibu na kijito hicho, pembeni mwa njia iendayo Musonoi, kulikuwa na kiwanja cha kufyatua matofali. Mwenye kiwanja alikuwa mtu wa makamo kama mimi, mpole, mwenye mikono mipana. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, naye mwenyewe alizaliwa hapa Kolwezi. Alifanya kazi na mkewe: kuchimba udongo, kuukanyaga, kuujaza katika kibao cha kufyatulia, kuyapanga matofali mabichi yakauke kwa majuma, halafu kuyachoma katika tanuru kwa magogo ya miombo.

Mgeni anahitaji kuelezwa jambo moja hapa. Tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope. Kazi ya mwezi inaweza kuisha kwa mvua ya robo saa. Kwa hiyo kwetu kila mtu anajua kwamba mfyatua matofali ana sababu ya kuichukia mvua, na mwenye sababu hudhaniwa kuwa ana uwezo. Mvua ikichelewa, watu hawatazami mbingu. Hutazama kiwanja cha matofali, na kuuliza nani ameifunga.

Mwaka ule walipata walichokiita ushahidi. Mama jirani alipitia kiwanjani akitoka shambani, akaona majani marefu yamechomekwa katikati ya safu za matofali, kila jani lina mafundo. Akayang'oa, akayaleta kwa shefu wa mtaa.

Jumapili baada ya ibada tuliitwa wote barazani kwa shefu. Mfyatua matofali alisimama mbele, kofia mkononi. Mama aliyanyanyua majani juu, kila mtu aone.

"Mi nilipanda mara mbili!" alisema. "Mara mbili! Na yee eko pale anakausha matofali yake kama samaki ya kapenta! Anafunga nini na haya mafundo, kama haiko mvula?"

"Mama, ile iko hesabu," mfyatua matofali akajibu. "Mustari moya, fundo moya. Mafundo kumi, nachukua jani ingine. Baba yangu alifanyaka bile."

"Hesabu! Muntu anahesabia na majani mu siku ya telefone?"

Watu walicheka, naye akacheka kidogo pamoja nao, jambo ambalo halikumsaidia. Shefu alinyanyua mkono.

"Maneno ya majani tuache kwanza. Tata Mvula, uko na daftari? Utusomee. Namba haina ndugu, haina muadui."

Nilikuwa nalo. Nakiri kwamba nilikuwa nimelichukua makusudi, nikitumaini kuulizwa. Nilisimama nikasoma jumla za misimu, mmoja baada ya mwingine. Katika misimu ya mwanzo zilikuwa kubwa, zikipanda na kushuka. Kuanzia wa nane zilianza kupungua, na ziliendelea kupungua karibu kila mwaka.

"Na huyu tata," shefu akauliza, "alifungua kiwanja yake mwaka gani?"

Nilijua mwaka huo. Nilikuwa nimenunua kwake matofali ya choo. Nikasema: mwaka wa nane.

Niliketi nikijiambia kwamba nimesoma tu kilichoandikwa. Lakini nilizisikia sauti nyuma yangu, zikianza chini chini kisha zikipanda, na nilielewa kuwa daftari langu limefanya kazi ambayo mafundo ya majani yasingeweza kuifanya peke yake. Shefu alitoa uamuzi: tanuru lisiwashwe. Kama mpaka Jumapili ya pili mvua haijaja, mfyatua matofali abomoe safu zake na kuondoka mtaani.

Yeye aliuliza kitu kimoja tu. "Niende wapi?"

"Kwenu," mtu akajibu kutoka nyuma.

Sote tuliokuwa na umri fulani tulilijua jibu hilo. Tulikuwa vijana katika miaka ile ambayo watu wa asili ya Kasai walifukuzwa huku kwetu, walipojaa stesheni ya treni na vyombo vyao, wakilala kwenye mabehewa na chini ya mashuka kwa miezi. Nilipita stesheni hiyo mara nyingi wakati ule. Sikumfukuza mtu. Wala sikusimama.

Asubuhi ya pili yake alikuja langoni kwangu akabisha hodi.

"Karibu, tata. Ikala ku kiti."

"Hapana, aksanti. Nilikuya kuona ile kopo yenye ilinihukumu."

Nilimpeleka uwanjani. Hakuligusa kopo. Alilizunguka, akachuchumaa, akafumba jicho moja kama anayeangalia kama safu ya matofali imenyooka. Kisha akaangalia juu.

"Huu muti, mulipanda lini?"

Ulikuwa mti wa avokado. Mke wangu aliuotesha kutoka kokwa, mwaka uleule nilioanza kupima. Nilimwambia hivyo.

"Siku ile ulikuwa na urefu gani?"

Nikamwonyesha: hapa, chini ya goti. Yeye akaendelea kuangalia juu, nami nikaangalia. Majani yalikuwa yamefunika upande wote wa mashariki wa uwanja.

"Tata," akasema taratibu, "muti iko nakunywa mbele ya kopo."

Nilibisha. Nilimwambia matawi hayafiki juu ya nguzo, na nilikuwa sahihi: palikuwa na hatua mbili kati ya tawi la mwisho na kopo.

"Mvula ya huku inaangukaka wima?" akauliza. "Inakuya na upepo. Inatoka kule." Akaonyesha mashariki.

Hilo lilikuwa katika daftari langu mwenyewe, safu ya tatu, kwa mwandiko wangu. Kiwandani kanuni ya kwanza ya kazi yetu ilikuwa kwamba kabla hujaiamini namba, uchunguze chombo kilichoitoa. Nilikuwa nimefungua vipimo vya wakubwa wangu mbele yao na kuwaonyesha kutu. Kopo hili sikuwahi kulishuku hata siku moja, kwa kuwa lilikuwa langu.

"Sijui bado," nikamwambia. "Lazima tupime."

"Basi pima. Mi stesheni sitarudia. Nililala pale na mama yangu, nilikuwa na miaka kumi na saba. Kama banataka nitoke, banitoe na hii tope ku miguu."

Nilihitaji kopo la pili la ukubwa uleule. Lilikuwa moja tu nyumbani, na lilikuwa na sukari. Mke wangu alinitazama nikiimimina sukari katika bakuli.

"Sasa hata sukari inahukumiwa?"

Kopo hilo nililisimika katikati ya kiwanja cha matofali, mbali na kila mti, kimo kilekile. Halafu tukangoja. Siku tisa hazikuleta tone. Kila alasiri nilikwenda kukagua kopo tupu, na mfyatua matofali, aliyezuiwa kuchoma, alikaa juu ya magogo yake akiangalia safu zilizokwisha kukauka. Kama angeruhusiwa kuwasha tanuru, matofali yangekuwa salama. Sasa alikuwa akingoja mvua ambayo ingemwokoa yeye na kuyaua matofali yake.

Siku moja aliniuliza: "Lakini tata, vraiment, kweli kabisa, ni nani anaifunga?"

Nilimweleza nilichokielewa katika vitabu. Nilimwambia kuna mambo ambayo hayana mkono wa mtu. Jua lenyewe huongeza na kupunguza nguvu kidogo. Mlima wa moto ukilipuka kwa nguvu, majivu na moshi wake hupanda juu sana na kuipoza dunia kwa mwaka mmoja au miwili. Bahari kubwa iliyo mbali nasi, upande wa pili wa dunia, kuna miaka hupata joto isivyo kawaida, na mvua za nchi nyingi huhama au kuchelewa. Mambo hayo huja na kurudi. Mwaka mbaya hufuatwa na mzuri.

"Basi iko bile," akasema. "Itarudia."

"Sehemu yake itarudi. Sehemu nyingine hairudi." Nikamwonyesha vibanda vya plastiki vya wachimbaji, vilivyoonekana kwa mbali upande wa Musonoi. Kila aliyewahi kuingia katika kimoja saa saba mchana anajua: mwanga huingia, joto hukataa kutoka. Tukichoma mafuta, makaa ya mawe na misitu, hewa inayotoka hubaki juu na kufanya kazi ya plastiki ile, na kila mwaka tunaongeza. Jua likipungua nguvu, joto lingepaswa kupungua nalo, lakini linapanda. Ndiyo sababu waliochunguza kwa makini wanasema sehemu kubwa ya joto lililoongezeka katika siku zetu imetoka kwetu watu.

Alitazama magogo aliyoyakalia. Alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko wengi niliowaeleza.

"Kwa hiyo iko mi."

"Ni wewe, kidogo sana. Ni mimi na makaa ya jikoni kwangu. Ni malori yale. Zaidi sana ni nchi za mbali ambazo zimechoma kwa muda mrefu kuliko sisi."

Alifikiri, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Jana nilikuwa mulozi wa mutaa moya. Leo niko moya wa bantu yote ya dunia. Ile ni kupanda cheo, tata."

Alhamisi ya juma la pili, alasiri, upepo ulitoka mashariki ukibeba vumbi jekundu, na nyuma yake mvua. Ilipiga mabati hata tusisikizane ndani ya nyumba. Sikulala vizuri. Saa kumi na mbili asubuhi rula ilisoma milimita kumi na moja nyumbani kwangu. Nilitembea haraka hadi kiwanjani. Huko ilisoma kumi na tisa.

Niliirudia mara tatu, nikaifuta rula kwa shati, nikairudia tena. Halafu ndipo nilipoona kilichokuwa kimenizunguka. Safu za pembeni zilikuwa zimelainika na kulalia zile za ndani, na karibu nusu ya matofali yalikuwa tope lenye umbo la matofali. Mfyatua matofali na mkewe walikuwa wakivuta turubai juu ya yaliyobaki.

"Ulipata ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia.

"Aya," akasema. "Kamata ile pembe."

Nikaishika ile pembe ya turubai.

Kipimo kimoja si uthibitisho. Jumamosi ilinyesha tena, bila upepo mkali. Tofauti ikawa ndogo, lakini bado kopo la nyumbani lilipungukiwa. Nisingepata cha tatu kabla ya Jumapili. Usiku ule niliyapitia madaftari yote na kuandika kwa penseli kando ya kila jumla kuanzia msimu wa nane: ina shaka.

Nilidhani mvua yenyewe ingekuwa imemaliza kesi. Nilikosea. Jumapili, barazani, mama jirani alisimama wa kwanza, uso umemng'aa.

"Munaona? Tulimusemesha, akaogopa, akaifungua!"

"Njo bile," shefu akakubali kwa kuridhika. "Alisikia."

"Na mwenye anafungua," mzee mmoja akasema, "kesho anaweza kufunga tena. Aende tu."

Niliketi pale nikilitazama jambo hilo kama ninavyotazama waya uliounganishwa vibaya. Mvua isiponyesha, ana hatia. Ikinyesha, ana hatia na ametubu. Hapakuwa na hali ya hewa yoyote ambayo ingemfanya awe mtu asiye na kosa. Kilichobaki ambacho kingeweza kuonyeshwa kuwa si kweli kilikuwa ushahidi wangu tu.

Niliomba neno. Nilisema kwamba namba nilizosoma Jumapili ile ya kwanza zilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa langu. Niliweka makopo mawili mezani, nikaeleza mti, upepo na rula. Nilisema siwezi tena kuapa kwamba mvua imepungua tangu alipofungua kiwanja. Huenda mti ndio uliokua.

Mtu mmoja akasema, "Kumbe Tata Mvula ni Tata Avoka," na baraza lote likaangua kicheko. Nilikingoja kiishe. Jina hilo ninalo mpaka leo.

"Basi mvula iko sawa?" shefu akauliza. "Hakuna maneno?"

Hapo ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Watu wangekwenda nyumbani wamefurahi. Lakini tarehe nilizopigia mstari hazikuharibiwa na mti: tone la kwanza likianguka, kopo hulowa, liwe chini ya mti au la. Nazo zilikuwa zinasogea mbele, zikichelewa. Na safu ya joto, iliyopimwa kwa kipimajoto kilichotundikwa barazani kwangu tangu siku ya kwanza, ilikuwa inapanda. Nilisema hayo pia. Nilisema msimu unachelewa kweli, na sababu ni kubwa kuliko kiwanja kimoja: nyingine za dunia yenyewe, nyingine, na ndizo nzito, za moshi wetu sote.

"Wetu?" mama jirani akaruka. "Mi nakaanga makayabo! Moshi yangu inafika wapi?"

"Inafika kwangu kila siku saa tano," mke wangu akamjibu, na kicheko kikarudi.

Shefu alikuna kidevu. Mwishowe alisema kwamba hawezi kumfukuza mtu kwa mafundo ya majani peke yake, na kwa dunia nzima hana mamlaka. Tanuru liwashwe. Mfyatua matofali abaki. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitawanyika wakizungumzia mbegu.

Jumatatu nilikwenda kiwanjani nimevaa suruali ya zamani. Tope la matofali yaliyokufa linaweza kukanyagwa upya na kufyatuliwa tena. Kinachopotea ni siku na nguvu, na sehemu ya siku hizo nilikuwa nimezipoteza mimi. Sikumwomba msamaha kwa maneno. Alinionyesha mahali pa kukanyaga na namna ya kugeuza kisigino ili udongo usibaki na mabonge. Nilikuwa mbaya katika kazi hiyo, naye aliniambia hivyo bila kuzunguka.

Karibu saa sita mama jirani alikuja na njia ya kijito. Alisimama pembeni akiwa na sahani iliyofunikwa, akaiweka juu ya gogo. Makayabo, bado ya moto. Alizungumza na mke wa mfyatua matofali juu ya watoto na bei ya mafuta. Kisha akasogea karibu na mwenye kiwanja, akashusha sauti, ingawa niliisikia.

"Tata, samedi binti yangu anaolewa. Batu batakuwa inje, hatuna turubai ya kutosha." Akatazama mbingu, akamtazama yeye. "Uishikilie kidogo tu. Mpaka saa kumi na mbili. Kisha uiachilie, mahindi inaihitaji."

Mke wa mfyatua matofali akaweka mkono mdomoni. Nami niliacha kukanyaga. Nilijua mfyatua matofali anavyoweza kujibu. Angesema ndiyo, kwa mzaha, na mama yule angekwenda amefurahi, na kwa muda mtaa wote ungemhitaji. Mtu anayehitajiwa hafukuzwi. Lakini ungekuja mwaka mwingine mkavu.

Aliikung'uta mikono yake.

"Mama, turubai yangu mutachukua. Hata zote mbili. Lakini mvula siwezi."

"Acha bile, tata. Tuko batu ya kuikala pamoja."

"Siwezi. Sikuwahi kuweza."

Mama alimkazia macho, akingoja akonyeze. Hakukonyeza. Ndipo mama akavuta kitenge chake vizuri kiunoni, akasema turubai atatuma watu wazichukue Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, akaondoka kwa hatua za mtu aliyenyimwa. Mfyatua matofali akachukua kibao, akakilowesha majini, akanyoosha mkono nimpe udongo.